Kampuni Tunaipenda, Je, Nayo Yatujua?

Nataka kuwaeleza ndugu wafanya kazi jambo lililotokea katika mkutano wetu mdogo, nami nikashindwa kulijibu papo hapo. Mimi si msemaji. Skuli ya misheni ilinifundisha kusoma, kuandika na kuitii kengele, lakini kusimama mbele ya watu na kujibu upesi haikunifundisha. Kwa hiyo majibu yangu huja baadaye, na mara nyingi huja nikiwa juu ya feri ya Likoni naelekea kwetu Msambweni. Hili nalo lilikuja hivyo.

Mambo yenyewe ni haya. Sisi watu wa genge la njia tuna chama chetu kidogo cha kufa na kuzikana. Mwenzetu akifiwa tunachanga, na siku hizi hakuna tena bahasha ya kupitishwa mkono kwa mkono; kila mtu hutuma kwa simu. Katika mkutano ule mweka hazina alitusomea hesabu. Alisema kuwa kwa bei zilizotangazwa Julai 2023, kutuma shilingi 1,000 kwa M-Pesa ni shilingi 13, na kuitoa shilingi 1,000 kwa wakala ni shilingi 29. Tukiwa watu 40, na kila mtu atume shilingi 1,000, basi ada ya kutuma peke yake ni shilingi 520. Yaani zaidi ya nusu ya mchango wa mtu mmoja inakwenda njiani kabla sanda haijanunuliwa. Hakusema kuwa ni wizi, wala mimi sisemi. Kazi ina bei yake. Alitoa shauri tu, kwamba chama kiandike barua kwa kampuni zote za simu, na nakala kwa Benki Kuu, kuomba michango ya mazishi ya wafanya kazi isitozwe ada. Barua ya adabu, ya ukurasa mmoja.

Hapo ndugu yetu mmoja akasimama. Jina lake silitaji. Ni fundi hodari, mtu wa Msambweni kama mimi, na siku za kudai mshahara hakuna anayemshinda kwa ukali. Lakini siku ile sauti ilimtetemeka. Akasema, "Jamani, waandikieni mabenki mkitaka, iandikieni serikali mkitaka, lakini Safaricom msiiguse. Kampuni ile imemponya mwanangu."

Akatueleza. Mwaka 2011 alikuwa kazini Mackinnon Road. Usiku simu ikalia: mtoto ana homa kali, anapelekwa hospitali ya Msambweni, na nyumbani hakuna hata shilingi mia ya gari, sembuse ya dawa. Akiwa amesimama kando ya reli gizani akatuma shilingi 1,500. Mkewe akambeba mtoto mgongoni, akaenda kumgongea mwenye duka la M-Pesa, naye akaamka, akafungua mlango, akampa pesa taslimu. Mtoto akatibiwa. Leo yuko sekondari, tena amempita babake kwa urefu.

Baada ya maneno hayo nani angefumbua mdomo? Shauri likalala. Mwenye kiti akafunga mkutano kwa dua, tukatawanyika.

Ndugu zangu, sikuja hapa kumcheka mwenzetu. Kwanza mimi mwenyewe nina ugonjwa huo huo, na nimeurithi. Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa reli. Mwaka 2008 serikali yetu ilipouza robo ya Safaricom kwa wananchi, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, mzee aliuza mbuzi wake, akachukua na akiba yake, akaenda kupanga foleni pamoja na mamia ya maelfu ya Wakenya wengine. Kwa kuwa walioomba walikuwa wengi mno kuliko hisa zilizokuwako, alipata chache kuliko alizotaka. Hakununung'unika. Ile karatasi ya hesabu ya hisa aliiweka katika sanduku la bati, juu ya beji ya kofia yake ya reli.

Mwaka 2009 bei ya hisa ikashuka chini ya shilingi 3. Majirani wakamtania. Akasema, "Mtoto akianguka humtupi." Mwaka 2021 hisa ile ile ikapanda ikapita shilingi 40. Tukamwambia, baba, uza sasa, ukarabati paa. Akatutazama kama watu tuliotaja kumuuza mmoja wa ndugu zetu. Mwaka 2023 ikawa imerudi chini ya shilingi 15, na paa lilikuwa bado linavuja. Kampuni haikumkosea lolote mzee wangu. Yeye alinunua mali akaifanya mtoto.

Nami nilipokuwa kijana nilikuwa vile vile. Akipita mchuuzi wa kampuni nyingine ya simu pale Ukunda akitangaza kuwa yao ni rahisi zaidi, damu ilinichemka, kana kwamba ametukana ukoo wetu. Mke wangu aliwahi kuniuliza, "Mwaka huu umeisifu kampuni ile mara ngapi? Na mimi je?" Sikuwa na jibu. (Siku hiyo feri haikunisaidia.)

Wala si sisi peke yetu. Alipokufa Steve Jobs wa kampuni ya Apple mwezi Oktoba 2011, watu wa Marekani na kwingineko waliweka maua na mishumaa mbele ya maduka ya kampuni, kama kwamba wamefiwa na mjomba. Sisi nasi, Bob Collymore alipofariki tarehe 1 Julai 2019, landhi zima lilinyamaza. Mtu mzaliwa wa Guyana, aliyeiongoza Safaricom tangu mwishoni mwa 2010, hatukupata kumpa mkono hata mmoja wetu, lakini watu walifuta machozi. Sioni aibu katika hilo. Alikuwa binadamu, na binadamu hulilizwa na wenziwe. Ninalouliza ni juu ya kile kitu kilichobaki baada ya kuzikwa mtu, yaani kampuni yenyewe. Je, hiyo inapendeka? Na ukiipenda, inakuwaje?

Mapenzi haya yana sababu, na anayeyadharau hakupata kuishi zamani zile. Kabla ya mwaka 2007, mtu wa genge aliyelipwa huku juu ya njia alipelekaje pesa Msambweni? Alikwenda posta akapanga foleni kwa hawala, na mkewe kule akapanga foleni nyingine. Au alimpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Au alimngoja mtu wa kwao anayekwenda likizo. Nakumbuka mama akisimama kando ya barabara ya Lunga Lunga tangu asubuhi, anatazama kila gari linalotoka Likoni. Basi tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ilipotolewa kwa watu wote, na muda si muda maduka ya rangi ya kijani yakachipuka toka Likoni hadi mpakani, mama hakusimama tena barabarani. Kwa jambo hilo nitashukuru mpaka nizikwe.

Lakini nimshukuru nani? Hapa ndipo nilipoanza kufikiri, nikiwa nimeegemea chuma cha feri.

Ile M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, haikukusudiwa kumpelekea mama pesa. Watu wa Vodafone ya Uingereza, wakisaidiwa na karibu pauni milioni moja za serikali ya Uingereza, walitaka kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo midogo, nao wakaijaribu na wakopaji wa Nairobi na Thika. Wale wakopaji, wanawake wa sokoni na mafundi, wakaitumia kwa mambo yao. Wakatumiana pesa wao kwa wao. Wakalipiana madeni. Na hata kabla ya hapo watu walikuwa wakitumiana muda wa maongezi kama sarafu. Wakubwa wa kampuni walikuwa na busara ya kutazama na kufuata. Hiyo ni sifa yao, na wapewe. Lakini aliyegundua kuwa chombo hiki ni cha kumsaidia ndugu aliye mbali ni mtu mdogo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ndugu mbali.

Tena kampuni yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza ndani ya shirika letu la Posta na Simu, mali ya umma, na Vodafone ikaingia mwaka 2000. Na mawimbi yanayobeba sauti zetu hewani ni ya nchi. Kampuni huyatumia kwa leseni. Kwa hiyo mtu anapoiomba kampuni jambo, si mgeni anayebisha hodi kwa tajiri usiku. Ni mtu aliyechangia mchango wake.

Nawakumbusha jambo moja ambalo wengi tumelisahau. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, ada ya kutuma shilingi 1,000 au chini yake iliondolewa, ikabaki imeondolewa mpaka mwisho wa mwaka ule. Hapo kwetu watu walisema, mwaona, kampuni ina huruma kama mzazi. Lakini haikuwa ndoto iliyowajia wakubwa usingizini. Benki Kuu ilikaa nao ikasema nao, hatari ya noti za kupitishwa mkono kwa mkono ilikuwa kubwa, likakubaliwa. Na kampuni haikuanguka. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2020 ilikuwa imetangaza faida ya zaidi ya shilingi bilioni 70, basi nguvu ya kubeba mzigo ilikuwako. Muda ulipokwisha, ada ikarudi. Hapana chuki katika kuondoa na hapana chuki katika kurudisha. Palikuwa na mtu wa kuomba. Alipoacha kuomba, hesabu ikarudi mahali pake. Ndugu yetu aliyesema "msiiguse" angekuwa mkubwa wa Benki Kuu mwaka ule, tungelipa ada mwaka mzima, naye angetuhakikishia kuwa tunapendwa.

Hii ndiyo hatari ninayoiona. Ukimpenda mtu, naye akakukosea, humwambia, naye hukujibu, na mapenzi yanaendelea. Ukiipenda kampuni hivyo, unakuwa wewe ndiye unayeitetea, unayeifichia, unayewanyamazisha wenzako, na yenyewe haijui hata kuwa umenyamaza kwa ajili yake. Si kwa sababu ni mbaya. Haina sikio la namna hiyo. Sikio lililo nalo ni la barua, la mkutano wa wenye hisa, la sheria na la mteja anayeweza kuhama. Masikio yote hayo ndugu yetu aliyapita, akaenda kuinong'oneza mahali isiposikia.

Sisi watu wa Kwale tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine. Tazameni Ramisi. Kiwanda cha sukari kile kilikuwa baba wa watu wengi. Wazee mpaka leo wakitaka kukuambia umri wa mtoto husema alizaliwa kabla ya kiwanda kufungwa au baada yake. Mwaka 1988 kikasimama. Hata Base Titanium, iliyochimba madini ya mchanga kule Maumba na Nguluku, ilisimamisha uchimbaji mwisho wa mwaka 2024 kwa kuwa mchanga wenye madini ulikwisha. Hakuna aliyemchukia mwenziwe hapo. Mchanga ukiisha mchimbaji huondoka, na aliyedhani wameoana hubaki na vumbi.

Na sisi wa reli? Mzee wangu alipoingia kazini, Reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, Reli ikawa ya Kenya peke yake. Mwaka 2006 njia ikakodishwa kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25, na mwaka 2017 mkataba ukakatizwa kabla ya kufika hata nusu yake. Majina yamebadilika ubavuni mwa mabehewa, lakini mataruma tunayoyabadilisha ni yale yale, na jua la Taru ni lile lile, na migongo iliyoinama ni ile ile. Wazee walikuwa wakisema "Reli yetu" kwa fahari, na walikuwa na haki, lakini waliojua walichokisema walimaanisha njia, na kazi, na wenzao. Hawakumaanisha ofisi.

Ushahidi ninao. Mwezi Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, wa bandarini na wa reli pamoja, na mji ukasimama. Watu wa reli wa siku hizo waliipenda treni kuliko sisi tunavyozipenda simu zetu. Walijua mlio wa kila injini. Na bado waliweka zana chini, wakasema mshahara hautoshi na nyumba hazitoshi. Hawakuona kuwa kumdai mwajiri ni kuitukana treni. Ndugu yetu yule analijua hili kuliko mimi, maana katika madai yetu wenyewe yeye ndiye huwa mbele, na mapenzi yake kwa reli hayajapungua hata kidogo. Kwa mwajiri anayemlipa anaweza kuhesabu senti. Kwa kampuni ambayo yeye ndiye huilipa, hawezi! Hili ndilo lililonishangaza mpaka nikakosa usingizi.

Sasa nirudi kwa yule mtoto na usiku wa mwaka 2011, kwa maana hapo ndipo penye jibu langu.

Juma lililopita nilikuwa nyumbani, nikapita kwenye duka lile lile. Mwenye duka wa zamani amezeeka. Sasa amekaa binti, kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya nondo za dirisha. Nikamuuliza anafungua saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi. Anafunga saa ngapi? Saa tatu usiku, na watu wakigonga huamka. Nikamuuliza kama ameajiriwa na Safaricom. Akacheka. Yeye ameandikwa na mwenye duka, na mwenye duka naye si mtumishi wa kampuni. Ni wakala, hupata kamisheni kwa kila pesa inayoingia na kutoka, na pesa ya kufanyia kazi huitia yeye mwenyewe. Nikamuuliza kama yuko katika chama cho chote. Akaniuliza chama gani. Nikamuuliza usiku akifunga, anarudi nyumbani na nani. Akasema, "Peke yangu, kaka," akamgeukia mteja.

Ndugu yangu, mlango ule usiku ule haukufunguliwa na kampuni. Ulifunguliwa na mzee mmoja aliyekuwa amelala, aliyeweza kusema rudi kesho, wala hakuna ambaye angemlaumu. Mitambo ilifanya kazi yake, na waliojenga mitambo wanastahili ujira na heshima. Pesa ulituma wewe, kwa jasho la Mackinnon Road. Mkeo alibeba mtoto. Daktari na wauguzi wa Msambweni walikesha naye. Watu wote hao wana majina, na miaka yote hii shukrani zako umezipeleka kwa rangi ya kijani.

Nilimwendea nyumbani kwake Jumapili. Nilimweleza haya polepole kuliko nilivyoandika hapa, naye alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani nimepoteza rafiki. Kisha akaniuliza kama nilimsalimia yule mzee wa duka. Nikasema hakuwapo, yuko shambani. Akasema atakwenda yeye.

Barua ya chama nimekwisha kuiandika, na katibu ameisoma. Inaanza na hadithi ya usiku ule, kwa ruhusa ya mwenyewe, ili wakubwa wa kampuni zote wajue kuwa tunaithamini kazi hii na tunajua thamani yake. Baada ya hapo zinafuata hesabu za mweka hazina, kisha ombi letu. Nimeongeza mstari mmoja juu ya mawakala na watu wanaowaajiri, kuuliza usalama wao wa usiku uko mikononi mwa nani. Barua itasomwa katika mkutano ujao wa chama cha kuzikana, na ndugu yetu amekubali kuwa ndiye atakayeisoma.